Redio Isiyotaka Ufunguo

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi viatu, na ukimwambia kuna kazi ya mikono asiyoiweza, ananuna wiki nzima. Ndiyo maana alipotaka kufunga redio kwenye kigari chake hakumwita mtu.

"Waya ni waya, shemeji," aliniambia. "Nimeshona viatu miaka thelathini, nitashindwa na nyaya nne?"

Jamani! Alikata dashibodi kwa kisu cha ngozi, tundu likazidi ukubwa, redio ikawa inachezacheza humo kama jino la mtoto. Akatoboa mlango aweke spika, kioo cha dirisha kikakwama katikati, na hadi leo hakipandi wala hakishuki. Nyaya nazo hakuzifunga kwa utepe kama watu wengine. Alizishona kwa uzi wa nta, kisha akazipaka gundi ya soli. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Dada yangu naye alicheka, na sikuwa nimemwona akicheka siku nyingi.

Maana redio yenyewe ilikuwa kwa ajili yake. Dada figo zake zimekufa. Mara tatu kwa wiki lazima awe hospitali saa moja asubuhi, aunganishwe na mashine ya kusafisha damu. Ukichelewa, nafasi anapewa mwingine. Ukikosa kabisa, maji yanajaa mwilini na pumzi unaitafuta. Shemeji ndiye anayempeleka na kumrudisha, na njia nzima ya kurudi dada hasemi neno. Kimya kile kilimkondesha mume.

"Akisikia nyimbo huenda akachangamka," alisema.

Kwa hiyo akaiunganisha redio moja kwa moja na betri, mkewe aweze kusikiliza hata ufunguo ukiwa mfukoni mwake yeye. Akamwonya: nusu saa tu, kisha uizime, betri yenyewe imeshazeeka.

Wiki mbili mambo yalikwenda. Kisha ikaja Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, gari likagoma kuwaka. Hata taa hazikutoa mwanga. Tulisukuma, mimi, shemeji na jirani yetu muuza mkaa mwenye mgongo mbovu, mpaka kwenye kona. Wapi! Tulipopata gari la kukodi na kufika, ilikuwa saa mbili kasoro, na nesi ameshamlaza mtu mwingine.

"Mrudisheni kesho," alisema, wala hakuwa mkali.

Hapo maneno yakanitoka. Mbele ya wagonjwa wote nilimwambia shemeji kwamba nyaya zake za kushona zimenyonya betri, na ujuaji wake utamuua dada yangu. Alibaki anajifuta jasho kwa kofia.

Nyumbani nilimwegemeza dada kwenye mito mitatu. Miguu ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki pale pale. Nikaendelea kumsema mumewe, hadi dada akanishika mkono.

"Mwache. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Jana jioni niliiwasha redio, nikashusha sauti mpaka mwisho, nikarudi ndani kulala. Nilijua betri itaisha."

"Dada!"

"Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka na sindano, nimechoka na ile mashine. Nilitaka siku moja nisiende. Na hiyo kesho nayo siitaki." Akafumba macho. "Usimwambie. Afadhali ajione mjinga kuliko ajue nataka kumwacha."

Nilitoka nje. Shemeji alikuwa amekaa kizingitini, analia bila kujificha.

"Ulivyosema ni haki yako, shemeji," aliniambia. "Nimemponza mke wangu."

Nilitaka kumwambia. Haki ya Mungu, nilitaka.

"Nimeshaongea na jirani mwenye pikapu," akaendelea. "Kesho tutafika saa kumi na moja, tuwe wa kwanza mlangoni. Hata ikibidi nimbebe mgongoni, atafika. Wewe utanisaidia tu kumwinua."

Nikamwambia nitamsaidia.