Vada za Wifi na Kioo cha Kutoka Masasi

Wivu naujua. Sisemi ule wa mume, huo kila mtu anao. Mimi nilimwonea wifi yangu wivu kwa sababu ya mama yake mwenyewe, aliyemzaa.

Tulikaa Newala, kiwanja kimoja, nyumba mbili. Mume wangu alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Masasi, anapanda kuja Ijumaa, Jumapili anashuka, kwa hiyo mama yake nilikuwa naye mimi. Miaka minane. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho, anaona vivuli tu, na kumbukumbu zake zinakuja na kuondoka. Nilimwogesha, nilimkata kucha, nilimchambulia samaki mwiba kwa mwiba. Watu wakipita wakisema, "Bibi, una bahati ya mkwe," najifanya sijasikia. Nasikia vizuri sana!

Ndipo wifi akarudi kutoka Mtwara. Huko alikuwa mpishi wa wanunuzi wa korosho, Wahindi wa kusini kabisa mwa India, akajifunza vyakula vyao. Akaingia nyumba ya pili, ile ambayo kaka yake, mume wangu huyuhuyu, alikuwa ameiwekea madirisha ya vioo. Ya kwetu yalikuwa ya mbao, na la chumba cha mama lilishakatika bawaba moja. Ufa wake nilikuwa nimeuziba kwa mfuko wa salfa, ile dawa ya mikorosho, na matambara.

Asiyewahi kukaa Newala mwezi wa saba haamini kwamba kusini huku kuna baridi. Upepo unapanda kutoka bondeni, ukungu unalala mlangoni mpaka saa nne asubuhi. Siku ya tatu tu wifi akamshika mama mkono. "Mama, njoo kwangu, kwangu hakuna upepo." Mama akaenda! Hakuniaga hata mimi. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mimi nilizidi kuugua.

Na kule alilishwa vada. Ni kama bajia, ila zina tundu katikati, na za choroko nyeusi zilizomenywa. Wifi alizilowesha, akazisaga kwenye jiwe kwa maji kiduchu mno, kisha akazipiga kwa mkono mpaka ukidondosha tone kwenye bakuli la maji linaelea. Kitunguu, pilipili mbichi, tangawizi. Analowesha kiganja, anabandika donge, anatoboa kwa kidole gumba, anatelezesha kwenye mafuta. Nilikuwa nachungulia kupitia uzio wa jikoni, naomba Mungu ziungue. Haziungui. Harufu inavuka uwanja, halafu namsikia mama anacheka. Kwangu mama alikuwa anakula. Kucheka hakucheka.

Nikasema, haya, mnataka vioo? Nikashuka Masasi nikanunua kioo, nikakizungushia godoro la mtoto, nikapanda nacho bodaboda. Tulipofika Chiungutwa dereva akaniuliza, "Mama, umebeba mgonjwa?" Nikamwambia endesha. Mlima mzima nimekikumbatia, mikono imekufa ganzi, hakikupata hata mkwaruzo. Fundi seremala akabadilisha fremu, akaweka bawaba mpya na komeo jipya, akaziba kila upenyo. Mfuko wa salfa nikauchoma moto mwenyewe kwa raha zangu.

Kesho yake nikaenda kumchukua mama. "Mama, chumba chako kiko tayari. Rudi nyumbani." Wifi hakubisha, akakunja tu blanketi lake. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Ila dirisha peke yake halikunitosha. Nilitaka chumba changu kishinde chake kwa joto. Mkaa ulikuwa umelowa ukungu, na nyuma ya jiko kulikuwa na kilima cha maganda ya korosho tulizobangua. Sasa hapa mtu wa kwetu yeyote atanicheka, na anicheke. Hakuna mtoto wa Newala asiyejua kwamba maganda yana mafuta makali, ngozi inababuka, moshi wake unakaba koo, na kwamba huchomwa nje, tena mbali na nguo. Mimi nilichagua yale meusi yaliyokwisha kupita motoni mara moja, nikajiambia mafuta yameisha. Wivu una akili zake. Nikajaza jiko la mkaa, yakawaka vizuri bila moshi, nikaliingiza chumbani, nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikaenda kukaanga vada zangu.

Ndiyo, vada zangu. Za kunde, kwa sababu choroko ningemwomba nani? Zilikuwa zinazama kwenye mafuta na kulala chini. Ninazikorogakoroga, nikasikia mama anakohoa. Kikohozi hicho hakikuwa cha baridi.

Nilipofungua mlango moshi ulinipiga usoni, macho yakawaka kama yametiwa pilipili. Yale maganda ya chini yalikuwa bado na mafuta. Nililishika komeo jipya la dirisha, halikufunguka. Fundi alilikaza kweli! Nikatoka nikachukua mchi wa kinu, nikakipiga kile kioo changu pigo moja. Wifi, aliyesikia kikohozi akaja mbio, alishanipita mlangoni, akambeba mama mgongoni kama mtoto, akamtoa uwanjani.

Tulimwosha macho, tukamnywesha maji. Alhamdulillahi, pumzi ikarudi, akaanza na kulalamika, nikajua amepona. Wifi alimvua mama nguo zenye moshi akamvika sweta lake mwenyewe, akabaki anatetemeka na kigauni. Nilimwona, haya zikanishika. Nikavua langu nikampa, lile zito la vifungo vikubwa, ambalo mama alizoea kulipapasa nikimlisha. Akalivaa. Afadhali angenitukana.

Tukakaa jikoni kwake. Koo la wifi lilikuwa limekauka kwa moshi, sauti haitoki. Akakaanga vada, akanipa moja kwanza, kisha akamega nyingine na kumtilia mama mdomoni. Mama akatafuna. Akanyoosha mkono akapapasa sweta langu mwilini mwa wifi, akashika kifungo, akatabasamu.

"Ahsante mkwe wangu," akamwambia wifi. "Wewe ndiye unayejua kunitunza. Na hizi bajia zako nazipenda. Yule mwanangu aliyetoka Mtwara nusura aniue leo na moto wake. Usinirudishe kwake."

Wifi aliacha mkono hapo hapo, kipande kikiwa bado vidoleni. Machozi yakamjaa, na hayakuwa ya moshi. Alinigeukia, akanitazama, akasubiri.

Mimi nilikuwa na vada mdomoni. Nikaitafuna taratibu, taratibu sana, mpaka mama akaanza kuzungumza habari nyingine.