Mwanamke Aliyepima Mbio kwa Kola

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wakazi wote wa mtaa wa Sham Shui Po, wenye vitambulisho na wasio navyo, kwamba kiti cha plastiki chekundu kilicho mbele ya televisheni katika mkahawa wa Bi. Lai, kile chenye mguu mmoja uliozungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme, si kiti cha kukaliwa na kila mwenye makalio. Ni kiti cha hukumu. Anakikalia Bi. Kwan Sau-ngor, mpiga pasi, mjane wa miaka sitini na tatu, asiye na cheti cha aina yoyote isipokuwa cha chanjo. Akishasema nani amempanda farasi kwa akili na nani amekaa juu yake kama gunia la mchele, hakuna mahakama ya kukatia rufaa, hapa wala ng'ambo.

Ndivyo mambo yalivyokuwa kwa miaka kumi na tisa. Mwaka wa ishirini Fung, muuza nyama ya nguruwe, alikata rufaa.

Kila Julai, msimu wa mbio za farasi unapofungwa na majoki, yaani wapanda farasi wenyewe, kwenda likizo kula chakula cha binadamu, wateja wa Bi. Lai huchagua upandaji mmoja uliopita mwingine wote wa mwaka. Si farasi, wala si joki mwenye ushindi mwingi, maana hayo yapo gazetini na hata mbumbumbu anaweza kuyasoma. Wanachagua upandaji wa siku moja, katika mbio moja kubwa. Sau-ngor hutaja jina, Mwalimu Ngan, mstaafu wa shule ya msingi, huliandika kwa brashi kwenye karatasi nyekundu, na karatasi hubandikwa kando ya sanduku la pesa, ikae hapo mwaka mzima ikipigwa na mvuke wa chai na mafuta ya kukaangia. Kisha joki mwenyewe hupelekewa boksi la tati za mayai, vile vikeki vitamu, pamoja na kadi yenye hukumu, huko mazizini Sha Tin. Hali hata moja. Joki anayekula tati za mayai ni joki anayenenepa na kuaga kazi. Lakini inasemekana wote huisoma ile kadi.

Mpiga pasi alifikaje hapo? Kwa kola.

Sau-ngor amefanya kazi miaka arobaini katika duka la dobi la kizamani nyuma ya soko, kwenye mashine ya mvuke ya kubania kola za mashati. Unalaza kola, unashusha kifuniko, unasubiri sekunde kumi na mbili, unainua. Ukiwahisha, kola inatoka na mikunjo, na ukichelewa inatoka kahawia. Saa ya ukutani haisaidii kitu, kwa sababu mvuke umeziba kioo chake tangu enzi za Waingereza. Kwa hiyo zile sekunde kumi na mbili zilihamia mwilini mwake, mahali fulani kati ya bega na kiwiko, na hazijawahi kuhama. Wateja humpitishia mashati katika kidirisha na kumpa tiketi bila kumwangalia. Kuna mabwana wamevaa kola zake robo karne na hawawezi kumtambua barabarani.

Sasa, farasi mzuri kwenye mbio kubwa humaliza mita mia mbili, yaani kutoka nguzo moja hadi nyingine, kwa sekunde kumi na mbili. Jumapili moja, miaka kumi na tisa kabla ya rufaa ya Fung, Sau-ngor aliingia mkahawani kumletea Bi. Lai aproni zake. Wanaume wa meza ya televisheni walikuwa wanamtukana joki aliyeongoza kwa kasi ya kichaa hadi farasi akaishiwa. Yeye akiwa bado amesimama na furushi mkononi alisema, bila kupandisha sauti, kwamba huyo kijana hakwenda kasi hata kidogo, kwamba kila nguzo aliichelewa kidogo kuliko kola, na kwamba farasi ameishiwa kwa sababu ni mvivu. Walimcheka. Kesho yake gazeti la mbio lilichapa muda wa kila kipande, na mwanamke yule alikuwa hajakosea hata nusu sekunde. Jumapili iliyofuata Fung mwenyewe alimvutia kiti.

Kwa hiyo wiki nzima Sau-ngor ni mkono katika kidirisha. Jumapili wanaume saba wenye midomo mipana wananyamaza kumsubiri amalize kumeza chai. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba hilo lilikuwa na maana kwake. Ila alikuwa anapiga pasi blauzi yake ya Jumapili tangu Ijumaa.

Hachezi kamari. Alisema mara moja tu kwamba marehemu mume wake alicheza ya kuwatosha wote wawili, hapa na ahera. Na pengine ndiyo maana haangalii kama wenzake. Wenzake wanatafuta namba yao kwenye televisheni na kuifuata kama mama anayemfuata mtoto wake kwenye gwaride la shule. Yeye huanza na mikono ya majoki. Nani ameshika hatamu kwa vidole na nani kwa meno. Nani amejificha mgongoni mwa mwenzake akikingwa upepo, nani amejifungia kwenye uzio kama kuku ndani ya tenga. Baada ya hapo ndipo anatazama farasi, kama nafasi ikibaki.

Basi ikaja Dabi ya mwezi Machi, mbio ambazo mji mzima huzisubiri mwaka mzima.

Szeto Man-hei, joki namba moja wa mji, alipangiwa geti la kumi na nne, la nje kabisa, juu ya farasi aliyeitwa Tajiri Mpole. Fung alimwekea Tajiri Mpole dau la kiasi ambacho mkewe hadi leo hakijui. Geti lilipofunguka Szeto alimrudisha farasi nyuma ya wote, akamlaza ndani kwenye uzio, akawa wa mwisho. Mkahawa mzima uliguna. Walipofika upande wa mbali wa uwanja, mbio zikiwa hazijafika hata katikati, Szeto akatoka nje na kuwapita wote kumi na watatu mmoja mmoja, kama bwana mkubwa anayeruka foleni ya benki, akaenda kukaa mbele. Mkahawa ulipiga mayowe. Aliongoza kona, aliongoza njia yote ya kunyooka, na kwenye mstari wenyewe farasi aitwaye Bahati Nane akamshinda kwa pua.

Fung alitangaza kwamba huyo mtu amempanda farasi kama anayewahi choo. Magazeti yalisema hayo hayo kwa adabu zaidi. Mwenye farasi alimtafuta joki mwingine. Sau-ngor alimalizia mkate wake wa siagi, akaenda zake.

Sasa Julai imefika, wino umesagwa, karatasi nyekundu imelazwa mezani, Mwalimu Ngan amekunja mkono wa shati. Akauliza jina.

"Szeto," Sau-ngor akasema. "Dabi. Tajiri Mpole."

Jiko la Bi. Lai lilinung'unika. Halafu Fung akaweka kikombe chini.

"Dada Ngor," akasema, "hii karatasi ni ya washindi. Tukianza kuwabandika walioshindwa, basi mniandike na mimi, nina historia ndefu."

Watu wakacheka, na kicheko kilikuwa upande wa Fung. Akaona nafasi, akaendelea. Akasema umri ni umri, hakuna aibu, macho yanachoka. Siku hizi kuna simu zinazopima kila farasi hatua kwa hatua, na pengine wakati umefika wa kumpumzisha dada yetu kwa heshima zote. Mmoja alitikisa kichwa kukubali, wa pili akafuata. Hata Mwalimu Ngan, ambaye hajawahi kumpinga, alianza kuifuta brashi taratibu, kama mtu anayesubiri kujua kama kazi ipo au haipo.

Sau-ngor alikuwa ameshika kingo za kiti chake kwa mikono yote miwili. Alisema waonyeshe mbio upya, sauti izimwe. Kama mwisho wake Fung bado anaona choo, yeye atahamia kwenye kiti cha kando ya mlango wa jikoni na hatatoa neno tena juu ya joki yeyote. Fung alikubali haraka mno.

Bi. Lai akazitafuta mbio kwenye televisheni, akazima sauti. Sau-ngor akamwambia Fung alaze kiganja mezani, yeye akaweka mkono wake juu.

"Hii ni kola. Nikiinua, farasi wa mbele anatakiwa awe kwenye nguzo."

Farasi wakaanza. Alibana, akainua. Farasi wa mbele alikuwa bado hajafika kwenye nguzo. Akabana tena, akainua, na bado. Mara ya tatu Fung mwenyewe aliona pengo, farasi wanajivuta nyuma ya nguzo kama wazee wanaopanda ngazi. Mara ya nne akasema kwa sauti ya chini kwamba hao wamelala.

"Wamelala," Sau-ngor akakubali. "Kola zote nne zimeungua. Sasa mwangalie aliye wa mwisho anafikiria nini."

Hakuwaonyesha Szeto. Aliwaonyesha wengine: farasi wa namba sita ameinua kichwa juu anapigana na hatamu, joki wake amejivuta nyuma kama anayefunga breki, wa namba mbili hivyo hivyo, wa namba tisa hivyo hivyo. Kundi zima lilikuwa linapoteza nguvu kwa kuzuiwa. Mwendo ukiwa wa pole namna hiyo, aliye mwisho hafiki popote, maana wote wa mbele wataondoka na miguu mipya. Kisha akasema watazame mikono ya Szeto wakati anatoka nje. Mikono haikusogea. Mjeledi ulikuwa umelala. Alikuwa amelegeza vidole tu.

"Hakumsukuma," Sau-ngor akasema. "Alimwachia. Farasi alikuwa anataka kwenda, yeye akaacha kumkatalia. Wenzake wanalipa nguvu kumzuia farasi, yeye anapita bure."

Mwalimu Ngan alisogeza miwani. Alipofika mbele, Szeto alirudisha mwendo pole, na mkono wa Sau-ngor ukainuka kutoka kwenye kiganja cha Fung, farasi wakiwa bado hatua mbili nyuma ya nguzo. Szeto alikuwa anamvutisha farasi wake pumzi machoni pa watu elfu themanini, na hakuna aliyemwona. Bahati Nane alikuwa ameshika mgongo wake tangu Szeto alipompita, kabebwa mpaka mstarini kama mzigo. Akawaambia wahesabu wale wanne waliokuwa nyuma pamoja na Szeto, na wakabaki huko, walimaliza wa ngapi. Wakahesabu. Mmoja alikuwa ndiye aliyepewa nafasi kubwa kuliko wote siku ile. Walimaliza wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na tatu, wa kumi na nne.

Tajiri Mpole alikuwa farasi wa kumaliza wa nane, Sau-ngor akasema, na huyu mtu kutoka geti lile alimfikisha pua moja kutoka Dabi. Hajaona akili kama hiyo miaka ishirini.

Kisha, wakati wote wameshashawishika na Mwalimu Ngan ameshachovya brashi, akafanya kitu ambacho wakili yeyote angemkataza. Aliomba hatua za mwisho zirudiwe. Akaonyesha kidole: hapo, karibu na mstari, Szeto anahamisha mjeledi kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na farasi anayumba kidogo. Pua ilipotelea hapo.

Fung akaruka kutoka kitini.

"Kwa hiyo alikosea."

"Alikosea," Sau-ngor akasema. "Mara moja. Wewe ulimwona akikosea mara kumi, na hiyo moja hukuiona."

Fung alibaki amesimama, kiganja chake bado kimefunguka kama kinachosubiri kola nyingine. Tuseme ukweli wa mtu huyu, kwa kuwa hasemwi vizuri mara nyingi: alikaa chini, akaivuta karatasi nyekundu mwenyewe, akamsogezea Mwalimu Ngan, akamtaka aandike kwa herufi kubwa kuliko za mwaka jana. Szeto Man-hei, Dabi, Tajiri Mpole. Na chini, kwa herufi ndogo, kwa amri ya Sau-ngor, mjeledi. Fung ndiye aliyepanda juu ya ngazi kuibandika, na Fung ndiye aliyelipia tati.

Walipokuwa wote wanaitazama ikikauka, Mwalimu Ngan aliona inafaa siku kama hiyo ifungwe kwa maneno. Alisimama na chai yake. Alisema amefundisha watoto miaka thelathini na sita na hajaona jicho kama hili. Alisema kumwelewa joki kiasi hiki, kumhukumu kwa haki hata asipopendwa na mtu, kunahitaji mapenzi makubwa yasiyo na tamaa. Akamwomba Dada Ngor awaambie, wakiwa hai na wakisikia, hayo mapenzi yake kwa hawa wanyama watukufu yalianzia wapi.

Sau-ngor alifikiri kidogo, kwa haki, kama anavyofikiri kila jambo.

"Farasi siwapendi," akasema. "Wananuka."