Mkono Nilioukata Kwenye Picha

Naomba kumbukumbu ziwekwe sawa tangu mwanzo: sikuiharibu picha ile. Niliisahihisha. Kwa miaka thelathini na miwili nilikuwa ofisa wa usajili mjini Tanga, nikizikubali na kuzikataa picha za vitambulisho: uso mbele, masikio nje, nyuma pasiwe na kitu. Sikutarajia kufundishwa kutazama, baada ya kustaafu, na msusi wa Kikongo katika chumba cha fundi cherehani huko Berea, mtaa wa Johannesburg.

Nilikuwa nimemfuata binti yangu Johannesburg. Kamera aliyoninunulia ndiyo iliyonitoa nyumbani, mtaa wa Observatory, kila Jumamosi mchana, kwenda kwenye kikundi chetu cha wapiga picha wa kujifurahisha. Picha zetu tulizichapisha, tukaziweka moja moja juu ya meza ambayo fundi hukatia vitambaa. Mwenye picha aliketi akitazama ukuta, mgongo kwa meza, na hakuruhusiwa kusema neno. Wenzake walianza kwa kutaja wanachokiona tu. Ushauri ulikuja mwisho, tena ukiombwa. Huo ndio utaratibu, na mimi niliyeandika mihtasari ya vikao ndiye niliyeusimamia.

Wiki moja nilikabidhiwa picha za wote nizipeleke kwa mchapaji. Ya yule msusi, mwenzetu kikundini, ilinikera. Ilimwonyesha mteja akisukwa saluni: kichwa kimelala, kioo kimelala, hata ukuta umelala, na kwenye ukingo wa kushoto umejitokeza mkono wa mtu asiyeonekana. Nilimwagiza mchapaji ainyooshe na kuukata ule mkono, kama ambavyo ningeirekebisha barua yenye dosari kabla haijamfikia mkubwa wangu. Msusi mwenyewe sikumwuliza. Niliamini nimemtendea wema.

Jumamosi msusi aliketi akitazama ukuta, tukaanza.

"Naona mama ametulia," alisema fundi.

"Mimi naona foleni ya benki," alisema mlinzi wa Kirundi, mcheshi wetu. "Kila kitu kimesimama wima."

Tulicheka. Msusi hakucheka, alikuwa akingoja kitu. Hatimaye alisema, bila kugeuka:

"Na mukono? Hakuna mwenye anaona mukono?"

Tuliitazama picha upya. Akageuka, kinyume cha utaratibu, akainama juu ya meza.

"Papa, mukono ya dada yangu iko wapi?"

Nilimweleza kwa upole kuhusu mistari iliyonyooka, na jicho la mtazamaji lisilopaswa kupotoshwa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Dada yangu anakatala picha miaka yote. Siku ile alijisahau, nikapata mukono tu. Ni ule ulinifundisha kazi. Nilitaka muuone, mimi nikiwa kimya."

"Lakini mama, ile picha nzima bado unayo kwenye simu."

"Niko nayo. Ila kwa meza hii siweki kitu tena."

Alichukua mkoba wake akatoka.

"Eish, mzee," alisema mlinzi. "Leo umepiga pasi hadi mtu."

Nilirudi nyumbani nimeghadhibika. Niliandika katika muhtasari: Mjumbe mmoja aliondoka kabla ya kikao kufungwa. Sentensi iliyofuata ilihitaji sababu, na sababu ilikuwa mimi. Nilikaa na kalamu muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha niliandika: Mwandishi alikata picha ya mjumbe bila idhini yake. Nikatia saini.

Jumatatu nilirudi kwa mchapaji akanichapishia ile picha nzima, nikaenda saluni kwa msusi, nikamsomea muhtasari nimesimama, mbele ya wateja.

"Papa, uliandika hivyo wewe mwenyewe?"

"Na kusaini."

Aliitazama saini, akarudi kwenye nywele alizokuwa akisuka.

"Nitakuja. Lakini kwa ukuta utakaa wewe."

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata niliketi mimi, nikiwa na rangi ya kijani ya ukuta iliyobabuka mbele ya macho yangu, na picha ya mtu mwingine, ile nzima ya msusi, nyuma ya mgongo wangu.

"Naona chumba kizima kinavutwa," alisema fundi. "Nywele zinavutwa, kichwa kinafuata, na ukuta unakifuata kichwa."

Akafuata mlinzi. Safari hii hakutania. "Naona kidole gumba kimepinda. Kimepindwa na kazi. Huyu amesuka watu wengi kuliko wote walioko kanisani kwetu."

"Nami naona mkono umeachia," alisema mama anayeuza mitumba, ambaye huzungumza kwa nadra. "Haushiki nywele tena. Uko wazi, kama unampokeza mtu kitu."

Mkono ule nilikuwa nimeutazama mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeuwekea kidole kumwonyesha mchapaji pa kukata, na sikuona kama uko wazi. Maelfu ya nyuso zilipita mezani kwangu Tanga, nami nikizipima. Nilijiuliza ni mikono mingapi ilikuwa chini ya meza ile, ikinieleza mambo.

Waliponiruhusu kugeuka, niliisogelea picha polepole, kama mtu anayeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Kila walichokisema kilikuwemo, na kilikuwemo siku zote. Nilivua miwani, nikaipangusa, nikatazama tena.

Msusi alifungua mkoba wake. Alitoa picha nyingine, iliyopinda kuliko ile ya kwanza, nusu yake giza tupu, akailaza mezani. Kisha akavuta kiti, akatugeuzia mgongo.

"Papa," alisema akiwa ameelekea ukutani, "leo uanze wewe. Na usikimbie."

Niliinama juu ya lile giza, na sikuwa na haraka hata kidogo.