Mstari Mmoja Kwenye Ukanda Uliofagiwa

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Embu, katika ofisi ya habari, nikiwa na viatu vya kuazima. Ofisa wa Habari alinipeleka kwenye gari la sinema, akanionyesha taa ya projekta. "Filamu ikikimbia mbele ya taa hii ni salama. Ikisimama, inaungua. Usiisimamishe hata mama yako akikuomba."

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Watu walikuwa wameondolewa mashambani na kufungiwa katika vijiji vilivyozungukwa na handaki lenye vigingi vilivyochongwa. Kwa sababu ya kafyu tulionyesha sinema mchana, ndani ya ghala, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Baada ya filamu za kuchimba matuta ya shambani na za dawa za ng'ombe, niliruhusiwa kuweka moja ya kuwachangamsha watu.

Nilipenda ile ya wanawake wawili wanaoteleza juu ya barafu, viatu vyao vina chuma chembamba kama makali ya kisu. Ndani ya mkebe wake kulikuwa na kijitabu, nami nilikisoma kwa msaada wa kamusi mpaka nikajua kila mwendo. Yule mrefu aliruka na kutua bila kuyumba. Lakini mdogo, mwenye gauni jeupe, ndiye fundi. Alikuja mbele kwa mguu mmoja, akaegemea ukingo wa chuma, akageuka na kuendelea kinyumenyume kwa mguu uleule, mwendo haupungui. Barafuni ulibaki mstari mmoja wenye umbo la tarakimu 3.

Mwaka uliofuata tulifika kijiji kimoja upande wa Kianjokoma. Yule mdogo alipotokea, watu waliinua shingo.

"Huyu hakanyagi chini. Ni mzimu," mzee mmoja akasema.

"Mzimu gani anavaa soksi?" akajibiwa, watu wakacheka.

Karibu nami alikaa Wawira, msichana aliyevunjika mguu wakati wa kuchimba handaki. Yeye hakucheka. Mgeuko ulipoanza alinishika mkono. "Simamisha kidogo, kaka. Nimwone."

Nikasimamisha. Doa la kahawia lilitokea kifuani mwa yule mwanamke, likapanuka, likamla. Filamu ilikatika katikati ya mgeuko, nusu ya pili haikuonekana. Tukafunga vyombo, na kwa sababu ya kafyu tukalala palepale kijijini, katika kambi ya walinzi.

Kando ya handaki, upande wa ndani, kulikuwa na ukanda wa udongo laini. Kila jioni walinzi waliufagia kwa matawi ili asubuhi waone nyayo za aliyevuka. Nyayo zikionekana, lango lilifungwa wiki nzima, hakuna kwenda shambani kutafuta chakula, na watoto walilala njaa.

Asubuhi ile hapakuwa na nyayo. Palikuwa na mstari mmoja, mwembamba, uliotoka upande wa nyumba hadi ukingo wa handaki. Katikati yake palikuwa na umbo la tarakimu 3, kamili. Watu walihesabiwa mara mbili, hakukosekana mtu. Wawira alisimama kwenye foleni akiegemea fimbo yake.

Ofisa wa Tarafa alikuwa ameshika kufuli la lango. "Nani amepita hapa?"

"Ni waya wangu wa jenereta, bwana," nikasema. "Niliurusha nikauvuta, kuunyoosha."

"Onyesha."

Nikaurusha. Ulichora alama nene, kama ya nyoka. Akatazama ya kwanza, akatazama ya pili. Kisha akatia kufuli mfukoni. "Usichezee udongo wa serikali tena."

Lango likabaki wazi. Mwezi ule nilihamishwa Meru kwa kosa la kuunguza filamu, nikafanya kazi huko chini ya maofisa wanne, na sikusimamisha filamu tena.

Sasa nimestaafu, ninaishi mtaa wa Majimbo, mjini Embu. Kwenye televisheni nimeona watelezaji wanaozunguka mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Wengi ni hodari. Hata hivyo, hakuna aliyenifanya nisahau ule mstari wa udongoni.

Miaka ile, vijiji vilipovunjwa, nilimkuta Wawira sokoni Kianjokoma akiuza viazi, fimbo kando yake. Nilimuuliza jambo moja tu. "Filamu ilikatika katikati, lakini mstari wa udongoni ulikuwa kamili. Ulijuaje mgeuko unavyoishia?"

Aliacha kupanga viazi, akanitazama.

"Kumbe ndivyo unavyoishia?"