Nafasi mbele ya benchi ya mjomba

Leo hapa Kisauni tulikuwa marefa watatu uwanjani, na hakuna aliyeona binti akivunjwa jino.

Nilikuwa nimeipulizia filimbi ya faulo timu ya mjomba wangu. Yeye ndiye kocha.

Sasa kwenye basketboli, refa aliyepuliza faulo huhamia upande wa meza ya waandika alama, penye mabenchi ya timu.
Yaani mbele ya benchi ya mjomba. Na ule mdomo wake!

Mwenzangu akanipisha, akaenda chini ya kikapu.
Mimi nikajitia kusahau, nikavuka ng'ambo kwa refa wa tatu.

Kiwiko cha mpinzani kikampata mdomoni binti wa timu ya mjomba pale pale nilipotakiwa kusimama.

Jamani, nilingojea matusi.
Mjomba akaja na taulo lenye damu, akaniuliza taratibu: “Mwanangu, kumbe waniogopa hivyo?”

Niambieni nyinyi, nimjibu nini?