Mlezi wa Kwenye Karatasi

Tulikuwa sita ndani ya ofisi ya mganga mfawidhi siku ile. Mganga mfawidhi mwenyewe, nyuma ya meza yenye kioo. Wakili wa hospitali, kijana aliyevaa suti nzito katikati ya joto la Oktoba. Mwenyekiti wetu wa mtaa, aliyeitwa kuwa shahidi, akaja na mhuri wake mfukoni. Baba yetu mdogo, ambaye alikuwa amepanda basi la alfajiri kutoka Nzega. Mdogo wangu wa mwisho, miaka kumi na mitano, mikono yote miwili ameificha chini ya khanga. Na mimi. Mtu aliyefunga ile plasta hakuwepo. Tuliambiwa yuko semina.

Hospitali sitaitaja. Ni ya binafsi, ipo hapa hapa Tabora, na ina bustani nzuri ya maua mbele ya dirisha la kulipia.

Mdogo wangu alikuwa amevunjika mkono wa kulia, chini ya kiwiko, baada ya kuanguka na baiskeli akitoka kwa fundi cherehani aliyekuwa akimfundisha kazi. Nilimkimbiza pale kwa sababu ndipo palipokuwa karibu. Nililipia kadi, nikalipia picha, nikalipia plasta, vyote kabla mtu hajamgusa. Kisha karani akanisukumia fomu ya ridhaa. Palipoandikwa "mzazi au mlezi" niliandika jina langu. Hakuna aliyetaka uthibitisho. "Saini upesi, mama, foleni ndefu," alisema. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na umama huo nilipewa bila kuulizwa swali hata moja.

Usiku wa kwanza mdogo wangu alilia. Siku ya pili vidole vilivimba vikawa vinang'aa kama bilinganya changa. Nilimwambia muuguzi asubuhi, nikamwambia mwingine jioni, kesho yake nikawaambia wote wawili wakiwa pamoja ili wasije wakasingiziana.

"Plasta lazima ibane, dada," alinijibu yule wa asubuhi. "Isipobana hiyo ni nguo."

Mwenzake akacheka. Ulikuwa mzaha mzuri, nadhani walikuwa wanautumia kwa kila mgonjwa.

Siku ya nne alipita daktari mwingine, mgeni wa pale, akatazama vile vidole mara moja tu na kuagiza msumeno wa kukatia plasta. Plasta ilipotoka, vidole vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, na havikufunguka. Wiki ile havikufunguka, wala mwezi ule. Binti anayejifunza ushonaji alikuwa na mkono wa kulia usioweza kushika mkasi.

Mimi niliacha shule kidato cha pili, lakini barua naweza kuandika. Niliomba mambo mawili. La kwanza, walipie upasuaji Mwanza, ambako tuliambiwa yupo daktari wa mishipa ya mkono. La pili, waandike kwamba plasta ilibana na kwamba walielezwa. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili niliiandikia chini "nakala kwa ofisi ya mganga mkuu wa mkoa", na simu yangu ikaita baada ya siku mbili. Sauti ilikuwa na upole wa ajabu. Waliniita dada mpendwa.

Ndivyo tulivyofika kwenye ile ofisi. Niliposhangaa kumkuta baba mdogo amekwisha kaa, mbele yake soda baridi, mganga mfawidhi alisema wamemtafuta wao wenyewe na kumlipia nauli.

"Shikamoo, baba mdogo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmekonda hivi?"

Wakili akakohoa. "Kabla hatujaingia kwenye malalamiko, ni vizuri tujue anayelalamika ni nani. Kisheria huyu binti mdogo ana mlezi wake." Akatoa karatasi kwenye faili na kuigeuza ili niisome.

Sikuhitaji kuisoma. Mwandiko ulikuwa wangu.

Ilikuwa nakala ya muhtasari wa kikao cha ukoo, kile kilichokaa siku ya tatu baada ya kumzika mama, baba akiwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Ukoo mzima ulikuwa umekaa mikekani, na katika watu wazima wote hao hakuna aliyetaka kuandika. Wakasema binti mkubwa ana mwandiko mzuri. Nikapewa daftari nikiwa na miaka kumi na sita, macho yamevimba, nikaandika walichosema. Walisema mlezi wa watoto wanne ni baba mdogo. Kila mtu pale alijua kwamba watoto watabaki na mimi, na kwamba baba mdogo atarudi Nzega kwenye pamba yake. Lakini kuandika jina la msichana mahali pa mlezi, wakati ndugu wa marehemu baba amekaa pale na kanzu yake, kungekuwa kumvunjia heshima. Hata mimi niliona hivyo. Niliandika jina lake kwa herufi kubwa na kulipigia mstari.

Katika miaka kumi iliyofuata mlezi huyo alituletea gunia moja la mahindi. Mahindi yalipokwisha alituma mtu kulifuata gunia.

"Kwa hiyo," wakili aliendelea, "barua za dada hapa ni za mtu baki. Tunaziheshimu, lakini ni za mtu baki."

"Na saini yangu kwenye fomu yenu ya ridhaa?" niliuliza. "Hiyo nayo ni ya mtu baki?"

"Hilo ni suala jingine."

"Siku ya kulipa nilikuwa mlezi."

"Binti," alisema, "tusichanganye mambo."

Mdogo wangu akamgeukia mzee wetu. "Baba mdogo, umekuja kunisemea mimi?"

"Ndiyo, mwanangu. Ndiyo kazi yangu."

"Ni mkono gani?"

Mikono bado ilikuwa chini ya khanga. Baba mdogo akamtazama mganga mfawidhi, mganga mfawidhi akatazama bustani yake.

"Huo wa kushoto," alisema baba mdogo.

Mwenyekiti wa mtaa aliinamisha kichwa na kujifanya anatafuta mhuri. Wakili alisema hilo halikuwa swali la kisheria, na nadhani hapo kwa mara ya kwanza alisema kweli.

Yaliyobaki hayakuchukua hata robo saa. Kulikuwa na karatasi iliyokwisha chapwa, kwamba hospitali, bila kukiri kosa lolote, inatoa pole kwa familia, na familia haitadai tena kitu chochote, popote. Juu yake ilikaa bahasha ya kaki. Baba mdogo alitia saini polepole, kama mtu anayechora. Mwenyekiti akagonga mhuri. Kisha kalamu ikaja kwangu, nitie saini kama shahidi wa pili.

"Weka tu, mwanangu," alisema baba mdogo. "Wamekuwa waungwana hawa. Tunagawana hii, tunamaliza."

Kiasi kilichokuwemo sikijui mpaka leo. Huenda kingetufikisha Mwanza, na jambo hilo nililifikiria pale pale, kalamu ikiwa mbele yangu, kwa sababu si kweli kwamba mtu mwenye msimamo hafikirii. Lakini karatasi ile ilikuwa inasema hakuna kosa. Nilimtazama mdogo wangu, naye akatikisa kichwa kidogo sana. Niliirudisha kalamu.

"Mimi ni mtu baki," nilimwambia wakili. "Mtu baki hashuhudii mambo ya familia za watu."

Baba mdogo aliondoka na basi la saa nane. Bahasha iliondoka naye yote.

Wiki chache baadaye hospitali ile ilibandika tangazo dirishani. Kwa usalama wa mgonjwa, lilisema, kila atakayefungwa plasta sasa atapigwa picha mbili badala ya moja, atalipia ada ya uangalizi, na mlezi wake ataleta barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha ulezi. Fomu ya ridhaa, iliyokuwa ukurasa mmoja, ikawa kurasa nne. Katika zote nne hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu aangalie vidole vya mgonjwa. Walikuwa wametafuta dawa ya kosa lao wakaipata kwenye mifuko yetu. Na kazi ya kutazama vidole, ambayo haina gharama, ikabaki haina mwenyewe.

Jirani yangu muuza mkaa aliligundua tangazo hilo mwanawe alipovunjika mguu. Bima yake ilikubali picha ya kwanza, ikaikataa ya pili. Alinisubiri barazani.

"Wewe na barua zako," aliniambia. "Umetupandishia bei mji mzima."

"Si mimi niliyepandisha."

"Basi ungenyamaza tuendelee kuvunjika kwa bei ya zamani." Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Na mwenyekiti naye anataka hela ya mhuri."

Nilikwenda naye pale hospitalini, nikakaa na mtoto siku mbili, kila saa nambonyeza vidole vya mguu na kuuliza kama vinahisi. Muuguzi wa asubuhi alinikumbuka. Hakufanya mzaha.

Mwanza tulikwenda wenyewe. Mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, ambaye nimekuwa nikimuuzia asali tangu niache shule, alinikopesha fedha yote. Wala hakuniuliza kama mimi ni mlezi. Aliuliza asali ya msimu ujao itakuwaje, tukakubaliana nimlipe kwa ndoo. Daktari wa Mwanza alirefusha mishipa na akasema wazi kwamba tumechelewa. Vidole vitatu sasa vinafunguka, cha mwisho na cha pete bado vimejikunja. Mdogo wangu anashika mkasi kwa namna yake, kama anayeuonea aibu, lakini kitambaa kinakatika. Amerudi kwa fundi.

Nimekwisha kupeleka ndoo tisa. Msimu huu mvua iliharibu maua ya miombo, mizinga mingi ilikuwa mitupu. Zimebaki ndoo kumi na nne.