Nilipima Kiolezo Mara Mbili

Fundi mkuu wetu kule Kitengela alinifukuza kazi mbele ya wenzangu. Mfuniko wa pampu tuliotengenezea machimbo ya mawe ulikataa kuingia, akasema nimeukata vibaya. Nilimwambia kiolezo chake cha chuma, tulichofuata kukata, hakikuwa sawa. "Mwanamke hatanifundisha kazi," akajibu, na wenzangu wakacheka.

Nilipata kazi Kajiado, kwenye karakana yenye mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta. Mwaka wa tatu, mwenye machimbo yale alikuja na mfuniko wake wa zamani, ule uliokuja na pampu, akitaka mwingine kama huo. Nyuma yake alikuwa yule fundi mkuu wa Kitengela, amebeba kiolezo kile kile, akisisitiza kwamba pampu ndiyo imechakaa.

Ningeweza kupima peke yangu, lakini niliwaita wote wasogee. Nilipima mfuniko wa zamani kwanza kwa mashine, kisha nikafunga kiolezo kwenye meza yake. Kidole cha mashine cha kupimia kikagusa ukingo wa kiolezo nukta kwa nukta, mstari ukijichora kwenye skrini juu ya ule wa mfuniko. Upande wa kushoto, mistari miwili iliachana karibu milimita mbili.

"Mama, tuongee kando," fundi mkuu akaninong'oneza.

"Ngoja imalize."

Ilipomaliza, niliiamuru ipime tena. Haikuhitajika, nilitaka tu aendelee kusimama pale.

Mwenye machimbo akaniachia kazi yake yote. Mlangoni, fundi mkuu akaniomba msamaha kwa sauti ya chini. Nikamwambia aende Kitengela akaombe mbele ya wale waliocheka. Sijui kama alienda, na sijutii kumwambia.